"Sistimu Imekataa" Si Jibu

Wanangu wa Lamu, na nyinyi mlioko Mombasa, Nairobi na kwengineko mnaosoma hii mkiwa ndani ya matatu: leo hakuna kichekesho. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya hesabu. Nivumilieni, manake hesabu hii ishawagusa wengi wenu bila nyinyi kujua.

Mwezi wa Juni, baada ya Magharibi, ami yangu alikuja kwetu Wiyoni, akakaa barazani, akanipa simu yake. "Hebu nisomea hapa, mwanangu. Mato yangu hayaoni vyema." Nikasoma. Ombi lako la mkopo halikufaulu kwa sasa. Jaribu tena baadaye.

Ami ni mvuvi. Mashine ya boti yake ilikuwa imekufa, na alitaka pesa kidogo tu anunue spea. Apu ile ile alikuwa ashaikopa mara tatu, na zote tatu alilipa kabla ya siku kufika. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja. Kijana mwenzangu akanijibu kwa upole kabisa: "Pole bro, sistimu ndiyo imekataa." Kwa nini? "Sababu hatuioni huku. Ni sistimu tu."

Nilipomwambia ami, alinyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo watu na digrii zao hawaulizi: "Kwani huyo sistimu ni mwana wa nani?"

Tukacheka. Lakini lile swali halijaniondoka hadi leo. Kwetu mtu akija kukuhukumu, kwanza unamuuliza ni nani na ametumwa na nani. Sasa tumekubali kuhukumiwa na kitu kisicho na jina, kisicho na kwao, na kikikosea hakuna wa kumwendea. Hilo ndilo ninalolipinga leo. Na sitalipinga kwa kusema "hesabu ni mbaya" kama wanavyosema wengine humu mitandaoni. Mimi nasema kinyume: hesabu nzuri ipo, inajulikana miaka mingi, na ingemtendea ami haki kuliko hiyo sistimu yao.

Tuanze na kitu chenyewe. "Sistimu" ni modeli ya takwimu. Kazi yake ni kukisia kwa hesabu: mtu huyu akipewa pesa, uwezekano wa kuzirudisha ni kiasi gani? Ili ikisie, inatazama vigezo. Uliwahi kulipa kwa wakati? Pesa huingia mara ngapi kwenye simu yako? Unaishi wapi? Unaongea na nani? Mwaka 2016 Shivani Siroya, mwanzilishi wa Tala, kampuni ya mikopo ya simu inayofanya kazi Kenya, alieleza kwenye jukwaa la TED kwamba mambo madogo yanayoonekana kwenye simu, kama kuwapigia watu wa familia mara kwa mara, yanaweza kuonyesha nani ni mlipaji. Wazo lenyewe si baya, tusidanganyane. Mtu asiye na akaunti ya benki wala karatasi ya mshahara anapata njia ya kuaminiwa. Wengi wetu hapa tumeanza biashara kwa mkopo wa simu.

Lakini kati ya vigezo vyote hivyo, vipi vibaki na vipi vitupwe? Kazi hiyo inaitwa uteuzi wa vigezo, na si kazi ndogo. Chukua vigezo 20 tu. Kila kimoja ama kimo ama hakimo. Hapo ushapata modeli 1,048,576 tofauti. Vikiwa 30, modeli zinapita bilioni moja. Sasa nani anachagua, na kwa njia gani?

Hapa ndipo anapoingia Thomas Bayes, mchungaji wa Kiingereza aliyefariki 1761. Karatasi yake ya hesabu ilichapishwa 1763, yeye ashazikwa, na rafiki yake Richard Price. Wazo lake utalielewa hata kama hesabu ilikutoa machozi shuleni: anza na imani yako, iseme wazi kwa namba, kisha kila ushahidi unapokuja irekebishe. Ushahidi ukiwa mzito, imani isogee sana. Ushahidi ukiwa mwepesi, isogee kidogo. Lakini lazima isogee.

Unajua nani anafanya hivyo kila siku? Mwenye duka wa mtaani kwenu. Mgeni akihamia mtaani, siku ya kwanza hapewi mchele wa deni. Anapewa sukari robo. Akilipa, wiki ijayo anapewa nusu kilo. Akichelewa mara moja kwa sababu mtoto aliugua, mwenye duka anajua mtoto aliugua. Baada ya miaka miwili, daftari lile lina jina la yule mtu bila alama ya kuuliza. Hakuna siku mwenye duka alikaa akasoma daftari lote upya toka mwanzo. Imani ya jana ndiyo aliyoamka nayo leo, akaongeza lililotokea leo, akalala na imani mpya. Hiyo ndiyo Bayes kwa data inayoingia kila siku. Imani ya baadaye ya jana ni imani ya awali ya leo. Basi.

Sasa peleka wazo hilo kwenye vigezo. Mwaka 1988 Mitchell na Beauchamp, na 1993 George na McCulloch, walionyesha namna ya kuuliza kila kigezo swali la Kibayesi: uwezekano wako wa kuwemo kwenye modeli ni asilimia ngapi? Uzuri wake ni kwamba kigezo hakiambiwi "toka" wala "kaa milele". Kinapewa asilimia, na asilimia ile inapanda na kushuka kadiri ushahidi unavyokuja.

Nipige mfano, namba ni zangu za kuelezea tu. Tuseme mkopeshaji hana hakika kama kigezo "anaishi Wiyoni" kinasaidia kukisia nani atalipa. Anakiwekea 50%, yaani moja kwa moja, sare. Kila mwezi data mpya inaingia, na kila mwezi inaonyesha kwamba kujua mtu anaishi Wiyoni hakuongezi chochote kwenye kukisia. Tuseme ushahidi wa kila mwezi unapunguza ile sare kwa moja ya tano: 1 inakuwa 0.8, halafu 0.64, halafu 0.51. Baada ya miezi 12 imebaki kama 0.07 kwa 1. Ukiigeuza kuwa asilimia, kigezo "Wiyoni" kimeshuka kutoka 50% hadi kama 6%. Kimejiua chenyewe. Hakuna aliyeandamana, hakuna aliyetukana mtu. Data imekuja, hukumu imebadilika.

Hiyo ndiyo hesabu ninayoitetea. Kama ingekuwa inafanyika hivyo mpaka mwisho, nisingeandika hii. Mimi naona makosa matatu yanayoiharibu, na yote matatu yanafanywa na watu. Mashine haina mkono wa kuyafanya.

Kosa la kwanza ni orodha.

Mashine huchagua vigezo kutoka kwenye orodha. Orodha huandikwa na mtu. Sasa we fikiria mtu wa ofisini, mzuri tu, msomi, ambaye hajawahi kuamka Mei hapa kwetu akaona bahari ilivyochafuka. Kaskazi, kuanzia kama Desemba hadi Machi, bahari imetulia, wavuvi wanatoka, pesa zinaingia kwenye simu karibu kila siku. Kikija kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, upepo unapiga, mawimbi makubwa, chombo kidogo hakithubutu kutoka nje. Mtu anakaa bandani anashona nyavu. Simu kimya.

Mimi na ami tulikaa na taarifa yake ya M-Pesa tukaichora kwenye karatasi. Wallahi ilikuwa kama wimbi: inapanda kaskazi, inashuka kusi, inapanda tena. Mtoto yeyote wa Lamu angeitazama akakwambia, "Huyu mvuvi." Lakini kama kwenye orodha hakuna kigezo kinachoitwa msimu, mashine inaona nini Juni? Inaona mtu ambaye mapato yake yameporomoka ghafla. Inaona mtu anayezama.

Na hapo ndipo linapotokea jambo la hatari zaidi. Msimu haupo kwenye orodha, lakini athari yake ipo kwenye data. Lazima mashine iitafutie pa kuitundika. Itaitundika wapi? Kwa kigezo kinachofanana nayo. Wanaopungukiwa Juni ni wavuvi, na wavuvi wanaishi wapi? Lamu, Pate, Faza, Kizingitini, Wiyoni. Basi kigezo "mahali" kinaanza kuonekana kina maana. Asilimia yake inapanda. Modeli inakuambia kwa kujiamini kabisa kwamba kuishi Wiyoni ni dalili ya kutolipa.

Si Wiyoni, jamani. Ni kusi! Wiyoni imebebeshwa dhambi ya upepo.

Sijasema apu ya ami ilimkataa kwa sababu hiyo. Hawakutwambia sababu, na huko kutotwambia ni kosa tosha. Nasema hivi ndivyo mtaa mzima unavyoweza kutiwa alama bila mtu hata mmoja mwenye nia mbaya kuwepo. Na dawa yake si kufuta kigezo cha mahali peke yake. Ukifuta "mahali" na msimu bado haumo, dhambi itahamia kwa kigezo chengine: aina ya simu, mtandao kukatika siku tatu mtu akiwa baharini, chochote. Dawa ni kuweka msimu kwenye orodha, uingie ulingoni upambane na vigezo vyengine. Wazee walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Modeli iliyojifunza kwa watu wanaolipwa mshahara mwisho wa mwezi inasafirisha wavuvi kwa nyota ya watu wa mshahara, kisha chombo kikipanda mwamba inamlaumu nahodha.

Kosa la pili ni sifuri.

Kwenye hesabu za Bayes kuna onyo moja ambalo ningelichapa kwenye fulana: ukianza na sifuri, utamaliza na sifuri. Imani ya awali ikiwa 0%, ushahidi wowote utakaokuja unazidishwa na sifuri. Leta data ya mwaka, ya miaka kumi, ya karne. Sifuri mara chochote ni sifuri. Na ukianza na 100%, ndiyo hivyo hivyo, hakuna kitakachokutoa. Ile si imani tena. Ule ni ubaguzi uliovaa kanzu ya hesabu.

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Methali hii tunaipenda, lakini hebu tujiulize: ni mvuvi gani umemwona akitupa tenga zima kwa samaki mmoja? Anachagua. Ananusa mmoja mmoja. Hata wavuvi wenyewe hawaifuati methali hii kwenye samaki wao, sasa mbona watu wao wanahukumiwa nayo?

Na sifuri ina ndugu yake pacha, mbaya zaidi kwa sababu haonekani. Data "inayoingia kila siku" inaingia kutoka kwa nani? Kutoka kwa waliopewa mkopo. Ami akikataliwa Juni, Julai haiji data yoyote ya kuonyesha kama angelipa au asingelipa. Mashine haitajua kamwe kwamba ilikosea. Kila aliyekataliwa kwa makosa anatoweka kwenye hesabu, na modeli inazidi kujiona hodari kwa sababu haina wa kuikosoa. Ni kama mwalimu anayemfukuza mtoto darasani kabla ya mtihani, halafu anajisifu kwamba waliobaki wamefaulu.

Kwa hiyo msinitajie "modeli yetu inajifunza kila siku". Inajifunza kwa nani? Mto unaweza kwenda kasi mchana na usiku, na shamba lako likakauka, kama mfereji wa kwako umezibwa.

Dawa ipo na si ghali. Kati ya wanaokataliwa, chagueni wachache kwa kura, muwape mkopo mdogo sana, mwangalie. Sukari robo, kama mwenye duka. Hustler Fund ilipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 kiwango chake cha chini kilikuwa Sh500. Ndiyo, najua wengi hawakuzirudisha, msinirukie kwenye komenti. Lakini hata kutorudisha ni ushahidi. Kukataa bila kujaribu si ushahidi wa kitu chochote.

Kosa la tatu ni kutosahau.

Dunia inabadilika na data ya zamani inabaki pale pale. Tazama Lamu yetu. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 tuliwekewa kafyu, na wavuvi wakazuiwa kuvua usiku. Mtu ambaye riziki yake ni ya usiku, data yake ya kipindi kile inaonyesha nini? Inaonyesha amri ya serikali. Haionyeshi tabia yake. Halafu ikaja bandari. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi kama 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni, kwa sababu ujenzi wa bandari uligusa maisha yao. Mwaka 2020 ikaja korona, na kafyu tena, nchi nzima. Sasa niambie: modeli inayochanganya 2014, 2018, 2020 na leo, zote kwa uzito mmoja, inamkisia nani? Inamkisia mtu ambaye hayupo.

Wataalamu walishalifikiria hili. Mwaka 2010 Raftery, Kárný na Ettler walichapisha njia ambayo modeli nyingi zinashindana kwa pamoja, data ikiingia hatua kwa hatua, na uzito wa kila modeli unabadilika kwa wakati. Walioijaribia walikuwa kiwanda cha kubana chuma, mbali kabisa na bahari. Siri yao ni namba moja ndogo inayoitwa kipimo cha kusahau. Kila hatua, ushahidi wa zamani unazidishwa na namba iliyo chini kidogo ya moja. Tuseme ni 0.95 kwa mwezi. Kosa la mwezi uliopita lina uzito wa 95%. La mwaka uliopita limebaki na 54%. La miaka minne nyuma liko chini ya 9%. La miaka mitano, chini ya 5%.

Halafu linganisha na CRB. Ukichelewa mkopo ukaandikwa, hata ukimaliza kulipa, rekodi ile mbaya inaweza kukaa miaka 5. Mwaka 2020 serikali yenyewe iliona mambo yamezidi, ikaagiza watu wasiandikwe kwa deni lililo chini ya Sh1,000. Yaani kulikuwa na vijana waliofungiwa milango kwa pesa ya chips na soda! Kijana aliyekosea akiwa na miaka 19, akiwa na 23 bado anafuatwa na kivuli chake. Mola anapokea toba. CRB inataka miaka mitano.

Sasa nijibu wanaonisubiri kwenye komenti, manake nawajua.

"Mkopeshaji ana haki ya kulinda pesa zake." Ana haki, tena kamili. Na kuna watu wetu hawalipi kwa makusudi, nawajua kwa majina, wengine tumekula nao pilau. Lakini kumkataa mlipaji pia ni hasara. Ami angelipa, na faida ile ingekuwa yao. Modeli inayochanganya kusi na wizi inapoteza pesa pande zote mbili.

"Ukisahau makosa, unawafaidi wadanganyifu." Swali zuri. Kusahau kunakata kotekote: anayesahauliwa makosa yake ya zamani anasahauliwa na wema wake wa zamani vile vile. Na kweli, ukisahau haraka mno, modeli inapata kizunguzungu, wiki moja mbaya inakuangusha. Ukisahau polepole mno, unabaki 2014. Kipimo kile lazima kichaguliwe kwa akili, kijaribiwe kwa data, na kisemwe hadharani. Ninachokataa ni kutokuwa na kipimo kabisa.

"Bayes nayo inaanza na imani ya mtu, si ubaguzi utaingia pale pale?" Unaweza kuingia, wala sifichi. Bayes si maji ya zamzam. Lakini tofauti ni hii: kwa Bayes imani ya awali lazima iandikwe kwa namba. Ikiandikwa naweza kuisoma, naweza kuuliza kwa nini Wiyoni mmeianzisha na 90% na mtaa mwengine 10%. Njia nyengine nayo ina imani zake, ila zimefichwa chini ya jamvi, halafu unaambiwa jamvi ni safi.

"Mikopo yenye riba ni haramu, unatetea nini?" Ndugu yangu, hilo lina wenyewe wenye elimu, na mimi siligombanii hapa. Lakini usidhani ukikaa mbali na mikopo umeepuka hesabu hii. Bima inachagua vigezo. Kampuni zinazochuja barua za kazi kwa kompyuta zinachagua vigezo. Kesho itakuwa basari. Bora tujue kuuliza maswali sasa.

Na tusijifanye hatuna sheria. Tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inasema una haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake kwa uamuzi unaokugusa kwa uzito. Ikitokea umeamuliwa na mashine peke yake, unafaa kujulishwa kwa maandishi, na una haki ya kuomba uamuzi uangaliwe upya au ufanywe upya bila ya kuiachia mashine kila kitu. Kuna ofisi nzima ya Kamishna wa Data ya kupokea malalamiko. Tangu Machi 2022 wakopeshaji wa mtandaoni wana kanuni zao chini ya Benki Kuu na lazima wawe na leseni. Na kuanzia 31 Mei 2023 Google ilizikataza apu za mikopo kuchukua namba za marafiki zako, picha zako na mahali halisi ulipo. Unaona? Kelele za watu zilifuta vigezo vitatu kwa mpigo. Nani alisema orodha haibadiliki?

Basi madai yangu ni haya, na mimi naona si makubwa.

Moja: mkikataa mtu, mwambieni vigezo vilivyomwangusha, kwa Kiswahili anachokielewa.

Mbili: wekeni msimu kwenye orodha. Njooni mkae siku moja na wavuvi, na wakulima wa bara pia, muulize mwaka wao una sura gani. Ni kikombe cha kahawa tu.

Tatu: msianze na sifuri kwa mtaa wowote, na muwape nafasi ndogo baadhi ya waliokataliwa, ili mashine ipate wa kuikosoa.

Nne: semeni kipimo chenu cha kusahau. Kosa langu linazeeka lini? Nataka tarehe.

Na nyinyi vijana wenzangu, sehemu yenu ipo. Mkikataliwa msiishie kutukana kwenye stori zenu. Andikeni barua pepe, tajeni kifungu cha 35, wekeni nakala. Na mlioko shule, msiikimbie takwimu. R na Python ni programu za bure, simu na bando ya usiku zinatosha kuanza kujifunza. Tukikosa mtu wetu kwenye chumba kinapoandikwa orodha, tutaendelea kuandikwa na wasiojua kusi ni nini.

Mnauliza ami alifanyaje? Alikwenda kwa mwenye duka. Yule mzee hakumuuliza taarifa ya M-Pesa. Alitazama nje, akasikia upepo, akasema, "Hiki kusi tu, kitapita. Chukua, ukitoka bahari utanipa." Miaka ishirini ya data iliyoingia siku baada ya siku, pamoja na msimu, iko kwenye kichwa cha mzee mmoja mwenye kofia na daftari lililochanika.

Mashine ya boti ikapona. Septemba upepo ukaanza kulegea, ami akatoka, na deni la kwanza kulipwa lilikuwa lile. Yule mzee sasa anamwamini zaidi kidogo ya alivyomwamini Juni. Ile apu haijui lolote kuhusu deni lile. Kwenye kumbukumbu zake ami bado ni yule mtu wa Juni.

Juzi walimtumia ujumbe: jaribu tena sasa. Akanipa simu nimsomee. Nikamsomea. Akauliza tena, "Ushamjua ni mwana wa nani?"

Bado, ami. Lakini tunaulizia.